Chini ya Watatu

Baba yangu aliitwa Thurstan,
na karibu maisha yake yote alilificha jina hilo
kama mtu anavyoficha soksi iliyotoboka.
Kiwandani Bolton, kwenye mashine za pamba,
walilikata: Stan.
Nusu mkate. Akashukuru.
Barua alisaini T. Haslam,
mwenye duka la magazeti akadhani ni Thomas,
naye akamwacha adhani, miaka thelathini na mmoja.

Nilimuuliza siku moja akimenya viazi.
"Babu yako alilitoa makaburini," akasema.
"Alijikinga mvua nyuma ya jiwe lililoinama,
akalisoma. Mimi sikuombwa maoni."

Jiwe. Ndilo hilo hasa.
Baadaye nilifungua kamusi ya maktaba,
ile inayohitaji mikono miwili:
Thor, mungu wa radi wa watu wa kaskazini,
na nyuma yake, jiwe.
Lilivuka maji na wavamizi wenye mashoka,
likashuka, likaoa, likalima shayiri,
likasahau lugha ya mama yake.
Wakaja Wanormani na makarani wao,
wakaliandika bila ile h,
Turstan, Turstin, kila karani na sikio lake.
Kisha wakafurika kina John na kina William,
kila nyumba John, kila zizi William,
na Thurstan akasogea, akasogea,
akabanwa kwenye mabonde ya Lancashire
na familia mbili tatu zenye ukaidi.

Mwacha asili ni mtumwa, wahenga husema.
Wahenga hawakusoma na Baba,
pale ambapo jina lake lilikuwa hatua moja tu
kutoka kwenye neno la Kiingereza la kiu,
na kila mapumziko wenzake walimletea maji
wakammwagia.

Mwaka wake wa mwisho alikuja Agnieszka kumwogesha,
mimba yake ya miezi mitano ikitangulia mlangoni.
Hakuna aliyemwambia habari za Stan.
Alisoma faili.
Ulimi wake wa Kipolandi ulikataa kukaa kati ya meno,
akasema, "Bwana Turstan, inua mkono,"
sawasawa na yule karani wa miaka mia tisa nyuma.
Nilifungua kinywa nimsahihishe.
Baba alinitazama, nikafunga.
Akainua mkono.

Alikufa Februari, siku ya kuzoa takataka.
Kijana wa ofisi ya vizazi na vifo
aliniomba herufi moja moja.
Nikamtajia zote nane.
"Sijawahi kuliandika," akasema, kwa upole,
akalichapa kwa vidole viwili.

Kila mwaka serikali hutoa orodha ya majina ya watoto.
Juu kabisa kina Muhammad, kina Noah, kina Oliver,
maelfu, kama milango ya rangi moja.
Lakini jina lisilofikisha watoto watatu
halichapishwi, eti kulinda siri yao.
Nilishuka na kidole hadi herufi ya T.
Thor yupo. Peke yake, bila jiwe.

Sasa, kutokuwepo huku sikuelewi.
Pengine ni sifuri.
Pengine ni mmoja, analia sasa hivi huko Kent.
Pengine ni wawili, na hawatajuana kamwe,
kila mmoja akifundishwa na mwalimu mchovu
kwamba hakuna mwingine kama yeye.

Juni ikaja kadi kutoka kwa Agnieszka:
mvulana, kilo tatu na nusu, Leon Turstan.
Jina la pili.
Orodha haihesabu jina la pili.
Na hata ingehesabu, bila h
wangelitia safu nyingine.

Nimeibana kadi kwenye friji kwa sumaku ya duka la pai.
Kila nikitoa maziwa nalitamka,
ulimi nyuma ya meno,
nione linavyokaa.