Kidonda cha Bamvua

Mwezi wa Machi kazi zilikuja tatu kwa mpigo,
kama wageni waliopatana njiani wasinipe muda wa kufagia.
Mchapishaji wa Nairobi akataka mbuzi anayecheka,
kitabu cha darasa la tatu, ukurasa wa kumi na nne.
Mbuzi hacheki, nikamwandikia. Akajibu: jaribu.
Muuza halua wa Langoni akataka kifuniko cha boksi,
"herufi nono, Thureya, zilizonona kwa samli."
Na zahanati ya punda ikataka bango:
jeraha la mgongoni, la kamba na mifuko ya saruji,
lisomeke hata na asiyejua kusoma.

Jeraha sikulitunga. Nilikaa siku mbili
kwenye ngazi ya jirani na penseli iliyobaki kisiki,
nikimchora Bamvua, punda wa Bwanaheri,
akiteremshwa mchanga wa ujenzi,
nzi wakimla pale ngozi ilipofunguka
kama mfuko wa shati.
Mwenyewe sikumwomba ruhusa. Liandikwe na hilo.

Bango likachapishwa Mombasa, nakala mia mbili.
Sokoni, gatini, ukutani kwa msaga unga,
mtu mzima akakosa njia ya kupita
bila kukutana na mgongo wa punda wake.
Watoto wakampachika jina: Bwana Kidonda.
Akaacha kuniamkia.

Wachoraji wa huku tu saba, na kopo moja la rangi nyeupe.
Kadzo, mwalimu wa sanaa, huvuka kutoka Mokowe kila Jumamosi
na karatasi zilizosalia za mitihani.
Skanda huandika vibao vya maduka;
mkono wake hautetemeki mpaka aulizwe bei.
Zahro wa piko aliapa hachori maua tena,
akachora maua.
Tukigombana ni juu ya brashi namba sita.
Tukipatana ni juu ya mteja asiyelipa.

Maonyesho tukayaweka katika ghala la mchele la kina Kupi,
picha arubaini na moja, zimening'inia kwa vibanio vya nguo.
Wageni wengi walisifu boriti.
Mmoja akauliza mlango unauzwa kiasi gani.
Lakini Bamvua, wa wino na rangi ya maji,
alipata doa jekundu kabla ya saa nne:
mwenye hoteli ya Shela, arubuni elfu sita,
kwa kuwa jeraha lile, alisema, lina ukweli.

Alasiri mlangoni kukasikika kwato.
Bwanaheri, kanzu ya Ijumaa, na Bamvua mwenyewe,
ameogeshwa, amechanwa, akageuzwa ubavu.
"Thureya. Mato unayo. Tizama."
Manyoya machanga, yaliyopauka kuliko wenzao,
yalikuwa yamepaziba pote.
"Wiki tano simtwiki. Nasukuma mkokoteni mimi.
Na yeo ungali na kidonda ukutani. Kitie manyoya."

Mwenye hoteli akasema picha ni yake.
Skanda akatazama dari.
Kadzo, bila neno, akanipa brashi namba sita.

Nikarudisha elfu sita
(moja nilishaila; Zahro akaniazima).
Kijivu nilikivuruga juu ya kifuniko cha boksi la halua,
nikamtazama punda, si picha,
nyoya kwa nyoya,
Bwanaheri akinisahihisha kama mhariri:
hapo pausha, hapo bado, hapo usizidishe, si mbuzi huyo.
Bamvua akala orodha ya bei.

Doa jekundu nikalibandua. Halikubandika tena popote.

Mabango mengine yangali mtaani, mia mbili kasoro ya mvua.
Jana, gatini, nimekuta moja limeshatiwa manyoya
kwa mkaa, na mkono usiojua kuchora,
mkono uliobonyeza mno mpaka karatasi ikachanika.
Nimesimama mbele yake mpaka jua likanichoma kisogo.
Mstari mmoja, ule wa karibu na mkia,
laiti ungekuwa wangu.