Soksi Tatu Mia

Jumanne, saa nne kasoro, Gikomba.
Nimeazima spika ya Mogaka muuza soksi,
ile inayolia tangu alfajiri kwa sauti yake mwenyewe,
*soksi tatu mia, tatu mia, chagua mama,*
hata yeye akiwa amekwenda kunywa chai.
Dakika tano, akasema. Si bure.
Ukinifukuzia wateja utabeba dazeni.

Nikapanda juu ya beli ambalo halijafunguliwa,
karatasi tatu mkononi, zimekunjwa nne nne,
zimelowa jasho.

Mwezi uliopita nilisoma kwenye ukumbi wenye zulia.
Watu kumi na wawili, saba wao washairi,
wakitikisa vichwa kwa adabu,
kila mmoja akingoja zamu yake.
Hapa matope, na mvuke wa mutura,
na mkokoteni usiojua adabu ni nini.

Shairi la kwanza lilikufa.
Lilikuwa na *mbalamwezi* mara nne.
"Kando, mbalamwezi!" akapaza kijana wa mkokoteni,
soko likacheka, nami nikacheka ndani ya spika,
kicheko kikatoka kikubwa kuniliko.

La pili nikalikata katikati.

La tatu halikuwa karatasini.
Nilimtaja tu mama, chumba chetu cha Ziwani,
alivyonifumba kiganja siku ile wodini,
na mstari ukaja wenyewe, umejipima mizani:

*Mama kaacha funguo, mlango hakuutaja.*

Nthenya wa sidiria akaacha kuhesabu chenji.
"Rudia hapo."
Nikarudia.
"Na hiyo funguo unayo?"

Ninayo. Miaka sita shingoni, kwenye uzi wa kiatu.
Nikaivua. Ikapita mkono kwa mkono,
kwa muuza mapazia, kwa mama wa uji,
kwa mtu aliyekuja kutafuta suruali ya mazishi,
hadi kwa Okumu fundi kufuli, pale chini ya mwavuli,
akaigusa meno kwa ukucha, akaigeuza mara moja:
"Hii si ya mlango. Hii ni ya sanduku.
Yale ya bati, ya shule."

Nilisimama juu ya beli la watu
spika wazi, sina neno.
Miaka sita nikijaribu vitasa.

Alhamisi nikarudi kulipa dazeni yangu.
Nikaisikia kabla sijaiona:
*soksi tatu mia, tatu mia,
mama kaacha funguo, mlango hakuutaja,
chagua mama, chagua.*
Kumbe Mogaka alibonyeza pasipobonyezwa.
"Nilitaka kufuta," akasema. "Wakauliza imeenda wapi."

Na kila inapofika pale,
Nthenya, pini mdomoni, macho kwenye bidhaa,
anaijibu spika bila kuinua kichwa:
"Sanduku."