Ramani ya Famau

Ramani yako imefika, Famau. Nzuri.
Vioo vingi, kama duka la simu.
Fundi Bunu kaigeuza juu chini,
akauliza: jua la alasiri
mmelialika lije kulala humu?

Basi leo saa tisa nimesimama kiwanjani, Wiyoni,
na kipande cha mkaa,
nachora kivuli kinapokomea.
Mama ameketi juu ya lundo la matumbawe,
ncha ya leso hewani:
"Kusi laingia hapa. Hapa dirisha.
Na pale juu acheni tundu,
joto nalo lina haki ya kutoka."

Ukuta tumeupa unene wa dhiraa.
Binamu Mselem ananung'unika: chumba kimeliwa!
Mwache. Kwake bati lachemka,
tokeni ya stima haivuki Jumatano,
na feni husimama
kama mgeni aliyenyimwa kiti.

Ile pesa ya mashine ya baridi
nimenunulia chokaa na boriti.
Najua hukuniruhusu.

Ukija, usinigombeze mlangoni.
Vua viatu kwanza,
ukanyage sakafu.