Homa ya Mpakato

Jina lenyewe ndilo lililoniponza.
Mpakato, wamesema; basi nikaipakata.
Julai, Kibosho, ukungu umelala mpaka mlangoni,
nami kitandani, miguu ndani ya blanketi jekundu,
na mizani ya kahawa ya wakulima mia mbili na kumi na saba
inasubiri kuingizwa kabla ya Ijumaa.
Nikaifunika pembeni, isipigwe na baridi.
Kweli, niliifunika. Naona haya hata kuandika.

Ikaanza kuvuma kama nyuki waliochokozwa.
Mapaja yakaniwaka. Saa tano usiku
ikazima, bila kuaga,
nikiwa nimefika kwa Eliufoo Mmasi, kilo arobaini na...
Arobaini na ngapi?
Eliufoo si mtu wa kukadiriwa.

Asubuhi nikateremka nayo Moshi, ndani ya kikapu.
Aikande ana meza moja tu, nyuma ya duka la mbegu,
taa kaifunga kwenye paji la uso kama mchimba madini.
Hakuniuliza imefanya nini.
Aliigeuza, akaigusa tumboni
kwa mgongo wa kiganja.
"Unalala nayo?"
Mwenye duka akacheka mpaka akamwaga mbegu za figiri.

Skrubu kumi na moja, akazitia kwenye kifuniko cha kopo.
Akainua feni. Palipokuwa njia ya hewa
pameota kitu, kizulia cha kijivu,
kimeshonana, hakipitishi hata mwanga.
Akakitoa kizima kwa kibano, akakilaza juu ya gazeti,
akaanza kunisomea nyumba yangu:
hizi nyuzi nyekundu, blanketi.
Huyu paka, tena wa rangi mbili.
Hili vumbi la barabara ya juu, malori ya ndizi.
Haya maganda ya kahawa, unayaleta kwa mikono ya sweta.
Na huu unywele mrefu, mweupe?

"Wa mama," nikasema.
Mama tulimzika mwaka juzi, mwezi wa masika.

Aikande hakusema pole.
Alisogeza gazeti kidogo,
upepo wa mlangoni usije ukalifikia.

Nilipokuwa na miaka mitatu, niliungua homa,
mama akanizungushia mablanketi mawili
akanibeba mgongoni hadi zahanati.
Nesi akayavua yote, akayatupa kwenye benchi:
mtoto wa homa hafunikwi, mama, mwache apumue!
Miaka thelathini alikuwa akiisimulia hiyo,
akijicheka mwenyewe, akipangusa macho kwa kanga.
Nami nikasikia kisa, nisisikie dawa.

"Kwenu mfongo upo?" Aikande akauliza, brashi mkononi.
Upo.
"Siku ya zamu mnafanya nini?"
Tunatoa majani, tunazoa tope.
"Msipotoa?"
Wa chini hapati maji.
"Haya," akasema, akarudi kwenye kazi yake.
Akapaka dawa nyeupe, tone kama punje ya mchele;
ukizidisha, kasema, umeongeza tope.
Akafunga. Skrubu moja ilibaki. Akafungua tena.

Elfu kumi na tano, na onyo bila malipo:
godoro si meza. Wala mto. Wala wewe.

Sasa iko mezani, juu ya vizibo vinne vya soda,
chini yake panapita upepo na, jana, sisimizi.
Blanketi ninalo mimi peke yangu.
Madirisha niliyoyafungua humo bila sababu,
bei za matrekta nisiyoweza kununua,
nimeyafunga, isifanye kazi mbili kwa mshahara mmoja.
Gazeti nimelikunja, lipo kwenye daftari la mizani,
ukurasa wa mama, namba yake ya uanachama
ambayo hakuna aliyenituma niifute.

Naigusa kwa mgongo wa kiganja. Vuguvugu.
Nje mfongo unasikika, kumbe ulikuwa unapita siku zote.
Eliufoo Mmasi kaja na risiti yake mfukoni, kasimama nyuma yangu:
kilo arobaini na sita, na nusu.
"Na nusu," anarudia.
Na nusu, Mzee. Nimeiandika.