Umekiona?

Kwenye ramani ya wageni, ile ya karatasi ya kung'aa,
pwani ya mashariki ya Niue haina nukta hata moja.
Nukta zote ziko magharibi, karibu na gati,
penye ngazi za zege na vyoo vya kuvuta.
Shangazi Lineta aliitazama, akaikunja mara nne,
akaiweka chini ya mguu wa meza uliokuwa ukicheza.

Twende.

Nusu saa kwa miguu, mtungi wa hewa mgongoni,
juu ya tumbawe lililokufa zamani
na bado linauma.
Kaa wa minazi alitupisha njia kwa kinyongo.
Yeye mbele, kamba begani, na lile sikio la kushoto
lililopasuka miaka kumi iliyopita, mita thelathini chini,
kwa sababu alikataa kupanda kabla ya mumewe.
Tangu hapo hazami. Huonyesha.

"Hapa panaitwaje?"
"Kwenye Kiatu."
Ikiua alivulia viatu hapa, mwaka uliofuata kimbunga;
wimbi likachukua kimoja, cha kulia.
Akarudi nyumbani akichechemea, akicheka.
Kingine bado kiko barazani, hakuna anayekigusa.
Ikiua mwenyewe yuko kaburini, kando ya barabara,
mahali ambapo wapita njia wanaweza kumsalimu.

Nilihesabu mawimbi saba, nikajitupa pamoja na la nane.

Kisiwa hiki hakina mto, hakuna tope la kuchafua.
Maji yake ni kama hayapo:
nilidhani naanguka.
Ufa, upana wa mlango. Ndani, giza la buluu,
kisha ukumbi, na paa lenye tundu, na jua
likishuka kama kamba aliyoiachia mtu.
Matumbawe, sahani juu ya sahani,
jikoni mwa harusi kabla wageni hawajafika.
Nyoka wa bahari, milia myeusi kwa myeupe,
wakipanda kuvuta hewa polepole
kama watu wenye hati ya kiwanja.
Kambakochi akanipungia sharubu.

Ndipo sauti.

Husemwa sikio halipiti kichwa.
Siku hiyo lilipita. Lilishuka hadi mbavuni,
likaingia mtungini, likagonga meno.
Mguno mrefu, kisha mlio mwembamba wa bawaba
za nyumba iliyofungwa miaka,
kisha kimya, na kimya nacho kilikuwa na uzito.
Nikageuka huku, nikageuka kule. Buluu. Buluu.
Hapakuwa na kitu, na kitu hicho kilikuwa karibu.

Nilikaa hadi sindano ikagusa nyekundu
(wanafunzi wangu wa Auckland, msifanye hivi),
nikapanda.

Jike, alisema baadaye, tukila magimbi gizani,
jike na mtoto, na dume nyuma yao akiimba,
umbali wa kurusha jiwe, na mimi si mrushaji.
Walipumua, mvua yao ikanishukia.
Inanuka kama kabichi iliyosahauliwa.
Alisema hivyo kama mtu anayetaja bei ya sabuni,
gauni lake likiwa bado limelowa hadi kifuani.

Lakini hilo lilikuwa baadaye.
Nilipotoa kichwa majini, kabla sijatema kipumulio,
aliinama ukingoni, akanitegea sikio lake zima,
akauliza: "Umekiona?"

Ki.
Nilikuwa nimeshika ulimini, tayari kumwagika,
habari za mnyama mkubwa kuliko kanisa la kijiji,
na yeye aliuliza kiatu.

Bado, nikasema.
Akaniteremshia kamba.
"Basi Jumatatu. Pita kushoto mwa ufa.
Mkondo wa hapa huvuta kushoto."