Kipande cha Shaba

Vespa ya marehemu baba ina kelele kuliko mwendo.
Ule mlima wa kutoka bandarini Wete, ukiushika,
gia ya pili injini inalia kama imeingiwa na siafu
na gurudumu linajikokota
kama mtu aliyetumwa asikotaka.
Jana nilipitwa na mwenye mkokoteni wa ndizi.
Akaniamkia. Nikaitikia.
Akapita.

Nikaishuku klachi.
Injini ikikimbia na gurudumu lisikimbie,
baina yao yupo asiyeshika ahadi.
Nikalegeza waya mkono wa kushoto
mpaka ukachezacheza, unene wa sarafu.
Ulikuwa umekazwa mno,
kama mgeni anayeagwa na mkono haachiwi.
Ikapona nusu.

Nikafungua ubavuni, oili ikashukia kwenye sufuria bovu,
nyeusi, inanuka karafuu
(nyumba yetu nzima inanuka karafuu, siisingizii oili).
Korki za klachi zimekwisha,
laini kama soli ya kiatu changu cha kufundishia.
Mpya zikaja kwa boti kutoka Unguja,
zimefungwa kwa karatasi ya mtihani wa mtoto wa watu,
alama kumi na moja kwa mia.
Nikaziroweka kwenye oili usiku kucha
kama mchele wa vitumbua.

Asubuhi, gia ya kwanza: imeshika.
Ya pili: imeshika.
Nikavuta mafuta hadi mwisho,
na mwisho ukaja mapema.

Hapo nilichoka.
Plagi ina rangi ya andazi lililoiva.
Kitundu cha kabureta nimekizibua kwa pumzi,
si kwa sindano, sindano hupanua.
Egzosi nimeichoma, imekohoa masizi ya miaka.
Na bado nusu ya mwendo, basi,
kama mtoto anayejua jibu na hasemi.

Mbwana, fundi wa Kipangani,
niliyemfundisha hesabu akafeli mara mbili,
alikuja, akasikiliza, akajifuta mikono:
“Mwalimu, wewe unatafuta kilichopungua.
Hebu tafuta kilichozidi.”

Nikaufuata waya wa mafuta
kutoka mkono wa kulia, kupitia shingoni,
hadi kwenye kabureta. Na pale umevishwa
kipande cha bomba la shaba, urefu wa kucha,
kimekatwa kwa msumeno, kingo zimepigwa tupa
zisije zikaukwaruza waya.
Kazi ya adabu. Kazi ya mtu aliyekusudia.
Ukivuta, hugota.
Miaka kumi na tisa, hugota.

Mama alikuwa anapeta mchele.
Nikamwonyesha kiganjani.
Hakuuliza ni nini.
“Mwaka ule alioanguka kona ya Mzambarauni
nilimpa fundi pishi mbili za karafuu, na siri.
Baba yako hadi anakufa akisema, vespa imezeeka.
Nami namwambia, ndiyo, imezeeka.”
Akaurusha ungo. Wishwa ukaruka.
“Sikusema uongo. Ilikuwa imezeeka.”

Nikakumbuka baba, kila mahali kachelewa:
harusini wali umepoa,
mazikoni watu wanakung'uta mchanga,
shuleni kwangu mlinzi anafunga geti,
naye anashuka, anaipiga teke tairi,
anawalaani mafundi wa dunia nzima.
Kachelewa.
Lakini alifika. Kila mahali, alifika.

Kipande nimekitia kwenye kopo la vifungo
kando ya cherehani yake.
Jumamosi nikampakia, amekaa upande,
buibui amelikunja magotini lisinaswe,
tukaushika mlima kutoka bandarini.
Klachi. Gia ya pili. Mafuta.
Ikapanda kama iliyosamehewa deni.
Mwenye ndizi tukampita, nikasahau hata kumwamkia.

Kiunoni nikahisi mkono wa mama unakaza,
nikapunguza, nikidhani kaogopa.
Akanisogelea sikioni:
“Mbona unapunguza?
Gia ya tatu umemwachia nani?”