Sufuria Mbili za Kavugho

Nilikuwa nimeshahukumu.
Tangu Mumbere aanze kunisukumia bidoni kwa chukudu,
kutoka ziwani hadi hapa Mabanga,
nawasha mbabula kabla ya adhana ya alfajiri,
na saa sita, wapasua mawe wakija na njaa yao,
punje bado zinalia jinoni: ka.

Yule wa zamani alileta maji ya bomba.
Huyu analeta ya ziwa.
Maharagi yalikuwa laini, sasa ni kokoto.
Kwangu kesi ilikwisha. Nilimkata faranga zake,
naye akainama, akatazama gurudumu lake la mbele.

Aliyejibu ni Kavugho, miaka kumi na mmoja,
vumbi jeusi la volkeno magotini:
"Mama, umejuaje?"
Nikamwambia mpishi ndiye ajuaye.
Akarudia taratibu, kama mtu anayetoa mwiba:
"Najua unajua. Nauliza umejuaje."

Jumapili akaomba sufuria mbili.
Nikampa ile kubwa na ile yenye kibonyeo.
Akazitazama, akairudisha ya kibonyeo,
akaenda kwa jirani kuazima pacha wa ile kubwa.
Makala akayapima kwa kopo la maziwa,
matatu huku, matatu kule.
Maharagi akayahesabu, punje mia mbili, punje mia mbili,
mpaka nikauliza kama tunapika au tunafanya sensa.
Vikombe kumi na viwili vya bomba. Kumi na viwili vya ziwa.
"Kitu kimoja tu kigeuke," alisema.
"Vingine vikae kimya. Vikisema vyote pamoja
hatutasikia ni kipi kilichosema."

Mwalimu Bauma, shuleni kwao, anakiita kigeu.
Nilicheka. Mimi kigeugeu ninayemjua
alinioa, akaenda Beni kwa wiki moja, mwaka wa sita huu.
Kumbe hiki unakigeuza wewe, kwa mkono wako,
halafu unakaa kando
kuona nini kingine kitageuka.

Kukaa kando! Upepo ulipopiga
nilitaka kufunika moja.
"Zote, au hakuna."
Nikachukua kipepeo, nikaupepea moto wa bomba.
Akanishika kiganja bila neno.
Ni kweli, nilikuwa naisaidia ishinde.
Mtoto aliniona kabla sijajiona.

Kila nusu saa alitoa punje tatu huku, tatu kule,
akazibana kwa vidole, akaandika.
Saa tatu: ngumu, ngumu.
Saa nne: ngumu, ngumu.
Saa tano nilikuwa nimechoka na daftari,
na sufuria zote mbili zilichemka bega kwa bega,
kokoto na kokoto.

"Maji hayana hatia," nilisema, kwa uchungu.
Akatikisa kichwa. Aliandika hivi:
*leo, katika sufuria hizi, sikuona tofauti.*
Sijawahi kuona mtu akishinda kesi
kwa sauti ndogo hivyo.

Kisha: "Mama, wiki ile Mumbere alipoanza,
ni nini kingine kiligeuka?"

Nikakoroga. Nikaonja chumvi isiyokuwepo.
Maana wiki ile ile barabara ya Masisi ilifungwa,
nami nikaenda Birere kununua gunia la bei ya chini,
maharagi yaliyolala ghalani misimu mingapi, sijui, sikuuliza.
Gunia lilikuwa jikoni, nimelikalia kama kiti,
nikimtazama kijana mlangoni.
Ni rahisi kumwona mtu kuliko gunia.

Nilimlipa Mumbere deni lake lote, na sahani juu.
Akatafuna kwa heshima. "Ni gunia, basi?"
"Hatujui bado," nikasema,
na neno hilo lilikuwa jipya mdomoni mwangu,
gumu kidogo, kama yale maharagi.
Jumapili ijayo: gunia la kale, kibaba cha mapya,
maji mamoja.

Usiku ule mlima ulikuwa mwekundu juu ya mabati,
nami sikulala. Nikamtikisa.
"Kavugho. Na makala? Wiki ile nilibadili pia muuza makala."
Hakufungua macho.
"Andika, Mama."
Daftari sikuliona gizani.
Nikaokota kipande cha makala yenyewe,
nikaandika ukutani.